Niliilainisha triga ya revolva ya mkwe wangu, na mpaka leo sijui kosa lilianzia wapi

Wakuu, kuna siku moja nilitakiwa kusema "hapana", nikasema "iache hapo, nitaiangalia." Uzi huu ni wa siku hiyo.

Nawasalimu wote kutoka Uvira, kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Mimi ni mzee, naandika kwa simu na miwani inateleza puani, kwa hiyo mnivumilie. Sitaongeza chumvi. Ninapojua nitasema najua, na nisipojua nitasema sijui. Mtaona nisipojua ni pengi.

Kwanza mnijue kidogo.

Nilisoma shule ya ufundi hapa hapa mpaka nikapata diploma ya sekondari, upande wa mekanika. Tangu hapo nina karakana ndogo mtaa wa Kasenga. Cherehani, kufuli, mizani, pampu za kunyunyizia dawa shambani. Chochote cha chuma chenye springi na meno, nitakifungua.

Mtaani nina sifa moja tu, kulainisha. Cherehani ikiwa nzito mguuni wanasema mpelekee Papa Solange. Kufuli la kanisa likigoma, mwiteni Papa Solange. (Kwetu mtu mzima anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na wangu wa kwanza ni Solange.)

Solange aliolewa na Justin, kijana wa Lubarika, kule bonde la Ruzizi wanakolima mpunga. Baba yake Justin ndiye Papa Justin. Mimi na yeye ni wakwe.

Sasa wakuu wa nchi nyingine huenda hamna desturi hii. Kwetu, mkwe akija na ombi lake la kwanza, humkatalii. Ukimkatalia, habari inafika jikoni kwa binti yako kabla jua halijageuka. Hawatamtukana. Watasema tu, "Baba yako ana shughuli nyingi." Halafu yeye ataishi na maneno hayo miaka yote.

Papa Justin alikuwa hajawahi kuniomba kitu tangu harusi. Siku hiyo alikuja asubuhi, amepanda pikipiki ya kukodi, ana kikapu cha mchele mapajani. Akasukuma mlango wa karakana nyuma yake. Akaingiza mkono chini ya mchele, akatoa kitu kimefungwa kwa kitambaa cha kitenge, akakiweka mezani kwangu.

Nitaandika tulivyosema, kwa Kiswahili chetu cha huku. Ndugu zangu wa Tanzania na Kenya msicheke sana.

"Papa Solange, minye sijakuombaka kintu hata siku moja."

"Kweli, Papa Justin."

"Basi leo naomba. Hii kintu iko nguvu sana. Kidole yangu imezeeka, haiwezi tena kuivuta."

Nikafungua kitambaa. Revolva.

"Mukwe, hii si cherehani."

"Iko chuma. Weye unaogopaka chuma tangu lini?"

Akacheka, na mimi nikacheka. Cheko langu lilikuwa la aibu. Lilitosha kunifunga mdomo.

Alinionyesha karatasi ya ruhusa ya marehemu kaka yake, aliyekuwa mlinzi wa shamba la pamba zamani. Muhuri ulikuwa umefutika nusu. Nilijua vizuri kwamba ruhusa ya marehemu haimruhusu mdogo wake. Sikusema. Hilo ni kosa langu la kwanza na naliweka hapa kwa jina langu.

Nikamwambia, "Iache hapo, nitaiangalia."

Sasa niwaeleze chombo chenyewe, kwa sababu najua humu kuna wanaopenda haya mambo, na bila kukielewa hamtaelewa ninachohangaika nacho.

Ilikuwa revolva ya fremu ya kati. Zipo ndogo za kujaza kiganja, zinazobeba risasi tano, na zipo kubwa ambazo mtu wa umbo langu akizishika anaonekana amebeba pasi ya mkaa. Hii ni ya katikati. Risasi sita, za .357 Magnum. Kwa watu wengi ndiyo saizi inayokaa sawa mkononi: chuma kinatosha kubeba nguvu ya magnum, na bado mtu anaweza kuibeba bila kuegemea upande mmoja.

Jambo la kwanza nililolipenda: inakula risasi za aina mbili. .357 Magnum na .38 Special zina unene mmoja, ila ya magnum ni ndefu kidogo. Kwa hiyo ile fupi na tulivu inaingia pia. Kinyume chake haiwezekani, waliotengeneza waliiongezea urefu makusudi ili isiingie kwenye silaha isiyoiweza. Mtu aliyefikiria hivyo alikuwa na akili.

La pili: unaona kila kitu. Unasukuma kitufe, silinda inatoka kando kama droo, unahesabu matundu sita. Hakuna magazini ya kuficha kitu tumboni.

La tatu: risasi ikigoma, unavuta tena tu, silinda inazunguka inaleta nyingine. Bastola za magazini zikigoma lazima uzihangaikie kwa mikono miwili.

Na sasa double action. Ukivuta triga, mkono mmoja unafanya kazi tatu. Kipande kidogo kama ukucha kinasukuma silinda izunguke tundu moja. Kipande kingine kinaifunga isitikisike. Na wakati huo huo nyundo inarudi nyuma, inafika mwisho, inaachiwa, inapiga. Yote hayo kwa mvuto mmoja mrefu na mzito. Au, ukitaka, unairudisha nyundo kwa gumba kwanza mpaka inase. Hapo triga inabaki na mwendo mfupi sana na mwepesi. Hiyo wanaiita single action.

Nilifungua kifuniko chake cha ubavuni nikakaa naitazama muda mrefu. Wakuu, nilikuwa na furaha. Sijui niseme vipi. Cherehani nzuri ina mpangilio wa namna hiyo, kila kipande kinamngoja mwenzake. Mimi nimeshika vyuma vya hovyo maisha yangu yote, vya kuungaunga, na hiki kilikuwa kimetengenezwa na mtu aliyejua kazi.

Kilichonishangaza ni kwamba hakina kufuli la usalama. Hakuna kitufe cha kuzuia. Nikatafuta pande zote, hakuna.

Nilipaswa kujiuliza: sasa kinachomlinda mtu ni nini?

Sikujiuliza. Niliona triga nzito, na kwangu kitu kizito ni kitu kibovu. Ndiyo maisha yangu. Mama wa cherehani akija analalamika mguu unauma, simwulizi kama uzito una kazi yake. Nalainisha.

Siku hizi ndiyo naelewa kwamba uzito ule ndio ulikuwa kufuli. Aliyeitengeneza aliuweka makusudi, ili kidole kisivute bila mwenyewe kukusudia. Nimelielewa baada ya kulisoma humu humu mtandaoni, mmoja wenu aliandika. Nilikuwa nimechelewa.

Nilifanya mambo mawili. Nilipunguza nguvu ya springi kubwa. Na nilisugua kwa jiwe laini sehemu zinazogusana, pamoja na lile pengo dogo kwenye nyundo ambamo triga inashikilia. Sitaeleza zaidi ya hapo, na mtu asiniulize vipimo.

Siku mbili. Nikaifunga, nikaivuta ikiwa tupu. Laini. Inakwenda kama mkono ndani ya maji. Nikairudia mara nyingi kwa raha tu.

Halafu nikajaribu ile namna nyingine, ya gumba. Nikairudisha nyundo mpaka ikanasa. Nikaiweka mezani.

Ikaanguka yenyewe. Tak.

Sikuwa nimegusa triga. Nadhani sikuwa nimegusa. Kiwiko changu kiligonga meza, hilo nakumbuka.

Nikarudia. Haikuanguka. Nikarudia mara tano, nikagonga meza kwa makusudi, haikuanguka. Nikajiambia gumba langu liliteleza, halikuifikisha mwisho. Tena Papa Justin alikuwa amesema hatumiagi gumba, anavuta moja kwa moja.

Mara tano nzuri dhidi ya mara moja mbaya. Nilichagua zile tano.

Alipokuja kuichukua aliivuta mara moja, akatabasamu mpaka pengo la meno likaonekana.

"Papa Solange, weye uko mulozi."

"Hapana, minye niko fundi."

"Sasa hata mama Justin ataiweza."

"Mama Justin umwachie sufuria yake," nikamwambia. Tukacheka tena. Kuhusu nyundo sikumwambia chochote. Niliona nitaharibu kazi yangu mbele yake.

Miezi michache ikapita.

Kilichofuata sikukiona. Nawapa kama nilivyopewa.

Ilikuwa asubuhi, baada ya mavuno, mpunga umeanikwa kwenye turubai uani kwa Papa Justin. Solange na Justin walikuwa wanaugeuza kwa miguu. Zikasikika kelele upande wa juu, watu wanapiga mayowe kwamba kuna wezi wa ng'ombe. Hali ya bonde letu mnaisikia kwenye habari, mayowe huku hayapuuzwi. Papa Justin akaingia ndani akatoka na revolva, akaenda mpaka njiani.

Hakukuwa na wezi. Ndugu wawili walikuwa wanagombania ndama, mmoja amemrarulia mwenzake shati. Watu wakacheka wakarudi makwao.

Papa Justin naye akarudi, amefika kwenye turubai, akamnyooshea Justin ile revolva. "Rudisha ndani."

Ikalia.

Risasi iliingia kwenye goti la kulia la Justin.

Walimfunga kitenge, wakampandisha kwa pikipiki mpaka hospitali ya Lemera, mmoja anaendesha, mmoja amemkumbatia kwa nyuma, ile barabara ya milima. Madaktari walifanya yote waliyoweza. Siku ya tatu wakaukata mguu, juu ya goti. Ile nguvu ya magnum niliyowasifia hapo juu, mfupa wa goti hauna la kuifanya.

Nilifika siku ya nne. Justin alikuwa macho. Alinisalimu yeye kwanza.

"Karibu, papa. Usilie. Sasa viatu vyangu vitadumu mara mbili."

Nilishindwa hata kukaa.

Papa Justin alikuwa amesimama dirishani. Kabla sijamwuliza, akasema, "Minye sikuvuta nyundo. Naapa mbele ya Mungu. Nilishika tu."

Solange alikuwa upande wa pili wa kitanda. Akamwambia baba mkwe wake taratibu, "Papa, nyundo ilikuwa nyuma. Niliiona na macho yangu."

"Binti, uliona vibaya."

"Niliona."

"Uliangalia mpunga."

"Nilikuwa naangalia mkono yako, papa, kwa sababu ilikuwa inatetemeka."

Justin akafumba macho, akasema wote wawili wanyamaze, yeye ndiye mwenye mguu na hakuona kitu.

Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka na hakijatulia mpaka leo. Nisaidieni kufikiri.

Kama nyundo ilikuwa nyuma, alivyosema Solange, basi ni lile pengo nililolisugua. Ilitikisika tu ikaanguka, kama ilivyoanguka mezani kwangu.

Kama nyundo haikuwa nyuma, alivyosema baba mkwe wake, basi kidole chake kilikuwa kwenye triga wakati anaikabidhi, kikabana kidogo, na kwa sababu springi niliipunguza, kidogo kile kikatosha.

Njia zote mbili zinakuja Kasenga, kwenye meza yangu.

Lakini kuna siku naamka nasema hapana. Mzee ana hofu, mkono unatetemeka, anaelekeza mtutu kwa mtoto wake na kidole kimo ndani. Hata revolva mpya kutoka kiwandani ingelia. Nakaa na wazo hilo mpaka chai inapoa. Halafu nakumbuka ile tak.

Nilitaka kuifungua niione. Ningeifungua ningejua, pengo la nyundo lingeniambia. Nikamwomba Papa Justin. Akaniambia siku ile ile ya ajali aliibeba mpaka mto Ruzizi akaitupa na risasi zake. Sikumlaumu. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Ila ushahidi wangu upo chini ya matope, na viboko ndio wanaulinda.

Sasa nifike kwenye kosa lililo kubwa kuliko la springi na jiwe.

Siku ile ile hospitali, Solange alinifuata kwenye baraza. Akaniuliza maneno machache:

"Papa, ulipoijaribu kwako, ilikuwa nzima?"

Binti yangu huyu alikulia kwenye karakana. Alikuwa ananishikia taa nikifungua cherehani. Alijua naijaribu kila kazi kabla ya kuitoa. Hakuuliza kwa kunishtaki. Alikuwa amechoka, anatafuta mahali pa kuegemea.

Nikamwambia, "Ilikuwa nzima."

Akaitika kwa kichwa. Akarudi ndani. Tangu siku hiyo akawa anamlaumu baba mkwe wake. Akampikia, akamfulia, lakini macho hakumpa. Nyumba ile ikawa na mawe mawili yanayotembea. Na Papa Justin, kwa sababu alijiona yeye tu ndiye mwenye kosa, akaanza kukonda.

Nilivumilia miezi minne. Kila nilipofungua cherehani ya mtu nilikuwa nauona uso wa Papa Justin kwenye dirisha la hospitali.

Nikaenda Lubarika. Nilimkuta Solange anapeta mchele uani. Justin alikuwa kwa jirani, tayari anatembelea magongo. Nikakaa kwenye kigoda nikamwambia yote. Kwamba nyundo ilianguka yenyewe mara moja. Kwamba nilijua. Kwamba sikumwambia baba mkwe wake wala yeye.

Hakuacha kupeta. Ungo ulipanda na kushuka, pumba zikaruka. Alipomaliza akaniangalia.

"Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikuuliza, na bwana yangu iko amelala pale ndani."

Nikasema nilikuwa na hofu. Akasema hata yeye alikuwa na hofu.

Halafu akaingia jikoni, akanipikia. Akaniwekea maji ya kunawa, akapiga magoti kunimiminia kama siku zote. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabara kubwa, akanisimamishia pikipiki, akamwambia dereva aende polepole kwa sababu amebeba mzee. Nikafikiri amenisamehe.

Jioni yake alimwomba msamaha Papa Justin mbele ya familia yote. Hilo nililisikia kwa Justin, na nilifurahi.

Miaka mitatu sasa. Hapigi simu. Nikipiga hapokei. Nilienda mara mbili. Mara ya kwanza nikaambiwa yuko shambani. Mara ya pili nilimwona akiingia kwa mlango wa nyuma nilipokuwa nashuka kwenye pikipiki, na nikaambiwa yuko shambani.

Hapa ndipo sielewi kabisa, wakuu. Justin aliyekatwa mguu ananipigia kila Jumapili baada ya misa. Ananitania, ananiuliza kuhusu kifua changu. Papa Justin naye nilimwambia ukweli. Akasema, "Minye ndiyo nilikuombaka." Tunasalimiana, mwaka jana alinitumia mchele. Wenye haki ya kunichukia hawanichukii. Damu yangu ndiyo imenifungia mlango. Nimelifikiria kwa pande zote, kama nilivyoifikiria ile nyundo, na kila nikidhani nimelishika linaponyoka.

Mke wangu anasema ni rahisi: wale niliwakosea kwa kazi, yeye nilimdanganya uso kwa uso. Labda. Mimi sioni wazi hivyo.

Nilichojifunza nakisema kwa wenye mikono kama yangu. Chuma kikiwa kigumu, kabla ya kukilainisha uliza kwanza ule ugumu unafanya kazi gani pale. Kitu kikikosea mara moja mbele yako, hiyo mara moja ndiyo ya kuamini. Na silaha iliyokuja nyumbani kwako kwa karatasi ya marehemu, mwambie aliyeileta airudishe kwa wenye mamlaka, hata kama ni mkwe, hata kama ni ombi la kwanza. Atanuna. Kununa kunaisha.

Wanaojua haya mambo kuliko mimi, nawaomba maoni. Je, pengo lililosuguliwa kidogo tu linaweza kushika mara tano na kuachia mara moja? Yupi alikuwa sahihi, Solange au baba mkwe wake? Na wenye mabinti, mniambie kama kuna neno ambalo mzee anaweza kusema baada ya neno lile nililosema kwenye baraza. Matusi pia nayapokea, nimeyazoea kwa kujitukana.

Kwa wale watakaouliza kwa ufupi ombi lile la kwanza lilinigharimu nini: Justin alipoteza mguu wa kulia, na mimi sina tena mtoto anayeitwa Solange, ingawa mtaani bado wananiita baba yake.